Kopo Lilitangulia, Opena Ikafuata

Jumapili, 2 Machi

Mwanangu amepata mchumba, na mchumba mwenyewe amekubali. Nimeandika kabla sijaketi vizuri, maana habari njema ni kama pasi ya moto, haikai mkononi.

Sasa nikusalimu, ewe daftari. Hujambo. Mimi ni mama mzazi wa Mkaguzi wa Mizani. Ukiona muuza nyama ana wasiwasi asubuhi na anapangusa mizani yake kwa kanga ya mkewe, jua mwanangu yuko njiani anakuja na mawe yake ya kupimia. Yeye husema ni Mkaguzi Msaidizi. Mimi nasema mkubwa wake anastaafu mwakani, kwa hiyo hilo neno Msaidizi liko safarini kuondoka na sioni sababu ya kulisumbua.

Daftari hili kanipa yeye. Alisema, "Mama, wafalme waliandikiwa na makarani wao. Lakini hakuna aliyeandika shuka zilikaukaje wakati wa mvua. Andika wewe." Nikamkumbusha kwamba mimi niliishia darasa la saba. Akasema shuka hazijali. Basi naandika. Kazi yangu ni kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, huku nyuma karibu na jiko, na nikiinyoosha mimi kola ya shati, shati linaweza kwenda ofisini peke yake.

Binti ni msaidizi wa daktari wa meno. Mwanangu alikwenda kung'olewa jino. Walipomtoa pamba mdomoni hakusema asante wala hakusema naumia. Alianza kumweleza binti wa watu habari za mswaki, jinsi zamani ulivyotengenezwa kwa mfupa na nywele za mnyama. Damu bado inamchuruzika. Binti akamtazama, akasema, "Halafu?"

Tangu aanze vile vitabu vyake hakuna aliyewahi kumwambia "halafu." Hata mimi niliyemzaa humwambia "kula kwanza."

Mume wangu nilipomweleza alisema, "Mm." Ana "Mm" za aina nyingi. Hii ilikuwa ya furaha, ilipanda mwishoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Redio peke yake, kwa siri, na kufika saa nne wapishi walikuwa wanakuja kunipa mkono. Redio ndiye wa meza ya pili. Jina hilo tulimpa sisi na hakulikataa.

Lakini naye kaniuliza swali lililonikata maini: "Na vile vitabu, wakwe wanavijua?"

Nieleze. Mwanangu hasomi kama watu. Watu wakisoma historia husoma vita na wafalme. Yeye husoma historia ya kifungo. Kitabu kizima, kinene kama tofali, ni vifungo mwanzo hadi mwisho. Ana cha mwavuli, ana cha kiti, ana cha kiatu, ana cha kopo la chakula. Na ana kimoja ambacho sikitaji nikiwa karibu na sufuria. Cha choo.

Hicho ndicho kilichotuharibia mwaka juzi. Wazazi wa karani mmoja wa benki walikuja kututazama. Tulikuwa mezani. Baba wa binti akauliza kwa adabu kijana anapendelea nini. Kijana akamjibu. Akamweleza kwamba katika dola moja ya kale watu walikaa chooni wamepangana kama wanaomsubiri daktari, bila ukuta kati yao, wanapiga soga, na sponji moja iliyofungwa kwenye kijiti ikiwahudumia wote. Yule mzee alikuwa ameshika mnofu. Aliurudisha sahanini taratibu, kama mtu anayerudisha mali ya watu. Hawakuja tena, na simu zetu zikawa haziwafikii.

Yule karani, sawa, alikuwa mzuri, apite salama. Lakini huyu anasema "halafu." Akituponyoka huyu, wa pili tutamtoa wapi?

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imeanza. Shuka hazikauki.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata dawa. Afisa wa forodha hawezi kukataza mzigo kabla hajaufungua. Basi nitavisoma vitabu vyote, ili nijue neno gani halitakiwi kutoka mdomoni mwa mwanangu mbele ya wakwe. Leo ametoka na baba yake, nikaingia chumbani kwake nikaanza na adui mkubwa, kile cha choo. Ukurasa mmoja tu, niupate uso wake.

Jumatatu, 10 Machi

Maharage yameungua. Nilikuwa ukurasa wa arobaini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimehamia kwenye vifungo, kwa ajili ya usalama. Wewe daftari, unajua kwamba watu walivaa vifungo maelfu ya miaka kama mapambo tu kabla mtu hajafikiria kutoboa tundu la kuvipitisha? Kifungo kinakaa kifuani, kinang'aa, hakina kazi. Nilimweleza Redio tukiwa tunanyoosha mashati ya wageni. Akasema huyo anamfahamu, aliwahi kuolewa naye.

Tulicheka hadi mvuke wa pasi yangu ukaitia njano foronya ya watu.

Jumamosi, 15 Machi

Mwanangu kaniuliza nani kahamisha alama yake kwenye kitabu cha viti. Nikasema panya. Akasema panya huyo kakunja kona ya ukurasa pale wanapoeleza kwamba zamani kiti chenye mgongo kilikuwa cha wakubwa, na wengine wote walikaa kwenye vigoda na mabenchi au chini. Nikasema panya siku hizi wana akili.

Baba yake: "Mm." Hii ilikuwa ya kuniona.

Alhamisi, 20 Machi

Neno limefika. Wakwe watakuja Jumapili ya tarehe 6 Aprili. Sikulala mchana, na mimi usingizi wa mchana ni haki yangu.

Mama wa binti ni mkunga mstaafu. Kazalisha nusu ya mji huu. Wanasema akikutazama unajisikia kama anataka kujua mara ya mwisho ulioga lini. Baba ni seremala, mtu mpole, watu wanamwita Patasi kwa sababu haachani nayo. Hata msibani iko mfuko wa koti. Redio kanieleza yote haya bila kumwuliza, na akaongeza kwamba mkunga aliwahi kumrudisha mchumba mmoja wa binti yake mkubwa njiani, kabla hajafika mlangoni, kwa sababu ya jinsi alivyoruka dimbwi.

Jumapili, 23 Machi

Nimekaa nao wote wawili, baba na mwana, nikatoa sheria. Siku hiyo hakuna choo, hakuna kifungo, hakuna kiti, hakuna kopo, hakuna mwavuli hata kama mvua inanyesha. Ukiulizwa unapenda nini, sema unapenda kazi. Ukikosa la kusema, zungumzia hali ya hewa.

Nilidhani atabisha. Hakubisha. Alisema, "Sawa, mama." Mara nyingi "sawa" ya mtoto ni nyepesi, unaisahau palepale. Hii niliendelea kuisikia nikiwa naosha vyombo.

Mume wangu hakusema hata "Mm."

Jumanne, 25 Machi

Binti kapita kurudisha mwavuli ambao mwanangu aliusahau kwa daktari. Mwanangu akamsindikiza, wakasimama getini mvua inawapiga miguu. Mimi nilikuwa naanua nguo barazani, sisemi nilikuwa nasikiliza, lakini masikio Mungu hakuyawekea mfuniko. Alikuwa anamweleza kwamba katika jiji moja la mbali mwanamume wa kwanza kutembea na mwavuli alizomewa barabarani, na waliomchukia zaidi ni wenye magari ya farasi, maana mvua ndiyo iliyokuwa ikiwaletea abiria. Binti akasema, "Halafu?" Akaelezwa. Akasema tena, "Halafu?"

Nilikuwa nikifikiri anamvumilia, kama tunavyowavumilia wageni wa hotelini wanaotuonyesha picha za paka wao. Hapana. Anasikiliza kama mtu anayekula na bado ana njaa.

Niliingia ndani na nguo mbichi mkononi, nikasahau nilizitoa wapi.

Ijumaa, 28 Machi

Kazini wananiita Profesa. Sikuwatuma. Kila asubuhi, tukishagawana marundo, wananiuliza leo tunafungua ukurasa gani. Leo nilikuwa kwenye viatu: kuna nchi ambako kwa mamia ya miaka fundi alishona viatu viwili vilivyofanana kabisa, hakuna cha kulia wala cha kushoto, mguu utajua wenyewe. Msimamizi wetu aliingia kutugombeza kwamba chumba cha kufulia si darasa. Akasimama mlangoni. Kisha akauliza, "Na waliokuwa na vidonda?" Akavuta ndoo akaikalia.

Nasema kweli, huyu mtoto nimemzaa mwenyewe, bila kusaidiwa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimefanya manunuzi ya kupokea wakwe. Vikombe vipya. Maziwa ya kopo, makopo makubwa, maana ng'ombe na mvua hii hawaaminiki. Na opena mpya ya kuyafungulia, inayong'aa kama kijiko cha harusi, niliyoichukua kwa muuzaji aliyesimama mbele ya hoteli. Ile ya zamani ina kutu, nikaitupa. Sitaki mkunga aone kutu kwangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Nimepiga pasi mapazia pande zote mbili.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekaa kuandika, na nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu mwanangu alisema mambo yasipoandikwa siku yenyewe hupotea.

Walifika saa tisa, wamelowa. Mkunga mbele, Patasi nyuma, binti katikati. Nilikuwa nimemwandaa mwanangu: shati jeupe nililolinyoosha mimi, na mdomo niliofunga mimi. Salamu zikaenda vizuri. Pole za mvua zikaenda vizuri. Wakakaa.

Halafu kila mtu akatazama mapazia yangu.

Kwa kawaida mwenye nyumba ndiye anayefungua mazungumzo. Mwenye nyumba yetu alikohoa, sote tukamgeukia, akasema, "Mm."

Mwanangu akakumbuka sheria. "Mvua inanyesha," akasema.

"Inanyesha," akasema Patasi.

"Na jana ilinyesha."

"Ilinyesha."

Mkunga akauliza kijana anapendelea nini. Swali lilelile la mwaka juzi, kama limetumwa. Mwanangu akanitazama, akasema, "Napenda kazi." Basi. Maneno mawili, na uso umekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Nilimwona binti akimtazama. Hakukasirika. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayesubiri taa irudi. Kisha akaangalia magoti yake.

Nilijua hapo kwamba nimeharibu. Mwaka juzi kaharibu yeye kwa kusema. Safari hii nimeharibu mimi kwa kumnyamazisha.

Mkunga akaweka mkoba mapajani. "Mama," akaniambia, "binti yangu alituambia kuna kijana anayemchekesha. Tumekuja na mvua yote hii kumwona. Sasa huyu mliyetuwekea hapa ni nani? Mtoto akizaliwa kimya namna hii, mimi humshika miguu nikampiga kofi."

Nikacheka peke yangu. Nikasema ngoja nilete chai.

Jikoni nikashika opena yangu mpya, nikaitia kwenye kopo, nikakaza. Ikakunjika. Opena nzima ikakunjika kama jani la mgomba, na kopo halina hata mchubuko. Nikatafuta ile ya zamani, nikakumbuka niliitupa kwa mikono yangu kwa ajili ya kutu. Nikarudi sebuleni nimeshika kopo kifuani kama kitoto. Patasi akalitazama, akamtazama mkewe, akaingiza mkono mfuko wa koti. Akaomba nyundo. Nyundo yetu haijulikani iliko tangu tuhamie. Akainua ile pasi yangu ya zamani ya mkaa tunayozuilia mlango, akaliweka kopo sakafuni juu ya gazeti, akaegemeza patasi ukingoni, akagonga. Ko. Ko. Ko.

Na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Hivyohivyo ndivyo walivyofungua zamani."

Pasi ikasimama hewani.

"Nani hao?" akauliza mkunga.

Nilitafuta mahali pa kukimbilia, hapakuwepo. Funika kombe mwanaharamu apite, sawa, lakini hapa kombe lilikuwa wazi na mwanaharamu kakaa kitini. Nikasema, "Watu wa mwanzo wa makopo. Kopo lilitangulia. Opena ilikuja karibu miaka hamsini baadaye. Walifunga chakula ndani ya bati, wakajisifu, hawakufikiri kitatoka vipi. Kopo lenyewe liliandikwa juu yake: fungua kwa patasi na nyundo. Na askari walitumia visu vya bunduki."

Mvua ilipiga bati. Mkunga alinitazama kwa yale macho ya kuuliza kuhusu kuoga. Akausogeza mkoba pembeni, akainama mbele.

"Halafu?" akasema.

Kwa hiyo huko ndiko binti alikolitoa.

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi niliishia hapo, amwulize mwenye kitabu. Nikamgeukia mwanangu. Yeye alikuwa ananikodolea macho kama nimeota mkia.

"Mama, kumbe panya ni wewe."

"Ni mimi. Endelea, baba."

"Na sheria?"

"Ilikuwa kama opena ile mpya," nikamwambia. "Imekunjika."

Akaanza polepole, kama bomba lililokatiwa maji likirudishiwa. Kwanza linakohoa, halafu tope, halafu maji safi. Akamaliza makopo, akaingia kwenye viti, akaingia kwenye mwavuli. Binti akawa anamkumbusha alipopitiwa. Patasi akasema yeye ametengeneza viti miaka yote bila kujua anagawa ufalme. Halafu mkunga mwenyewe, naapa ni yeye, sisi hatukumchokoza, akauliza, "Na vyoo je? Wa zamani walifanyaje?"

Nilishika meza. Mwanangu akamweleza. Alimweleza yote, benchi na sponji na kijiti. Mkunga alicheka hadi akapiga paja, akacheka hadi miwani ikamtoka ikaanguka chini, na Patasi aliyekuwa anaokota kopo akaikanyaga. Kioo kimoja kikapasuka.

Ndipo mume wangu akafungua kinywa. Alisema, na nayaandika maneno yake kama yalivyo, kwa kuwa huenda yasirudi: "Mimi siku zote nataka kujua kwa nini vifungo vya mke wangu viko upande mwingine na vyangu." Mwanangu akamjibu kwamba zipo hadithi nyingi, ila hakuna mwenye hakika. "Mm," akasema mume wangu. Ilikuwa "Mm" ambayo sijawahi kuisikia katika ndoa hii, ya mtu aliyepata wenzake.

Wakati wa kuondoka mkunga alikunja miwani iliyopasuka, akaitia mkobani bila kutabasamu. Akasema, "Tutaleta neno."

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna neno.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Mashine ya kukaushia imeharibika na wageni wa hoteli wanalalia shuka zenye harufu ya nguo za mwanafunzi wa bweni. Hakuna neno.

Ijumaa, 18 Aprili

Redio kasema kicheko si jibu, hata karani wa ofisi hucheka nawe kisha akakwambia rudi kesho. Akasema pia debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba ningenyamaza na kopo langu tungekuwa tumeshapanga harusi. Nimemhamishia rundo la suruali zenye marinda.

Lakini mchana aliniletea chai, akaniuliza kama kile cha viti nimekimaliza.

Jumanne, 22 Aprili

Binti kaja. Nikakimbia mlangoni na unga mikononi. Akasema mama yake anaomba kuazimwa kitabu cha choo. Nikauliza na neno je. Akasema mama hakutaja neno, alitaja kitabu.

Mwanangu akakifunga ndani ya mfuko wa nailoni mara mbili kwa sababu ya mvua, akampa. Nilimwona anavyomtazama akitoka getini. Nikaenda kupiga pasi nguo ambazo zilishapigwa.

Jumamosi, 3 Mei

Hakuna neno, hakuna kitabu. Mume wangu alisema jana, "Asiyerudisha kitabu hajakata undugu." Maneno manne kamili mwezi huu baada ya yale ya vifungo. Tukiendelea hivi atagombea ubunge.

Mimi lakini nina hofu. Miwani ile ilipasuka kwetu. Mtu wa cheo chake, kaja kwa heshima, karudi haoni.

Jumatatu, 12 Mei

Mwanangu hajafungua kitabu tangu wiki iliyopita. Jioni alikaa na mimi barazani akitazama mvua. Nikamwuliza kile cha mwavuli kiliishaje, maana nilikiachia njiani. Akasema, "Utakisoma, mama." Nikamwambia macho yangu yamechoka na mvuke. Si kweli, macho yangu yanaona doa la chai toka ghorofa ya pili. Akakileta, akanisomea kurasa mbili kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.

Nikasema, "Halafu?"

Aliacha kusoma. Kisha akasoma vizuri, kurasa nyingi, mpaka baba yake akaja na kigoda chake akakaa.

Jumanne, 20 Mei

Leo, daftari, leo.

Nilikuwa kazini, nimezama kwenye vitambaa vya meza. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mkunga. Mwenyewe. Na mwavuli, na ule mfuko wa nailoni. Msimamizi alisimama wima. Kumbe alizaliwa mikononi mwake. Redio alizima pasi ili asikie vizuri.

Mkunga aliweka kitabu juu ya meza yangu, akasema, "Nimekimaliza."

Nikamwambia pole kwa miwani, pole sana, tulitaka kuja kuomba radhi. Akashangaa. Akasema miwani ni jambo dogo, ila fundi wake kasafiri, kwa hiyo kasoma kitabu chote kwa jicho moja, ukurasa kwa ukurasa, ndiyo maana kachelewa. "Ulitaka niwaletee jibu kabla sijafika mwisho?" akaniuliza. "Nimezalisha miaka yangu yote. Sijawahi kutangaza mtoto kabla hajatoka."

Sisi tunakonda, kumbe yeye anasoma.

Kisha akashusha sauti, ingawa kwa Redio haikusaidia. Akasema, "Watu wote hujidai, mama. Lakini kuna mahali pawili hawawezi: pale wanapozaliwa, na pale chooni. Kijana anayeweza kuzungumza habari za mahali kama hapo bila kuwadharau watu, binti yangu akiugua hatamdharau. Tumempa."

Sijui nilisema nini. Redio anasema nilisema, "Kikombe cha chai?" mara kadhaa. Nilichojua ni kwamba pasi yangu nimeiacha juu ya kitambaa cha meza ya bwana harusi wa Jumamosi, na msimamizi aliyeona moshi aliiinua mwenyewe.

Mkunga alipofika mlangoni akageuka. "Cha viti ninayo nafasi ya kukisoma kabla ya harusi," akasema. Nikamwambia mwanangu atamletea leo leo. Redio akainua mkono kama yuko darasani, akasema samahani, cha viti kiko kwake.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imekatika. Shuka zimekauka kwa saa moja tu, zimekuwa ngumu kama mbao. Nimeandika hili kwa ajili ya atakayetaka kujua.

Mwanangu kaniuliza kama siku ya harusi azungumze au anyamaze. Nikamwambia azungumze, ila chakula kikishaliwa. Mama ni mama.

Jumapili, 1 Juni

Siku imepangwa na pande zote. Patasi anatengeneza viti mwenyewe, kwa sababu, amesema, sasa anajua anachogawa. Redio hatatangaza, amekataa kabisa, kasema habari hii ni yangu, niitoe mimi kwa kinywa changu. Basi naitoa, nimeshawaambia wa hotelini wote, majirani wote, wenye mizani wote sokoni, hata yule muuza opena mbele ya hoteli. Nimemwambia aje, ila asije na zawadi.

Viti vyote vitakuwa na migongo. Hakuna wa kigoda, hakuna wa benchi, hakuna wa kusimama ukutani. Siku hiyo kila mtu ni mkubwa. Aje na swali lake. Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa nane mchana.